Kupiga sehemu ya pili ya filamu ya muziki Lamu: nyimbo kwanza, kamera baadaye

Sehemu ya kwanza iliisha vizuri: mwimbaji kapata jukwaa, kapata na mchumba, watazamaji wakatoka wakiimba kiitikio. Ndiyo maana ya pili ni ngumu. Mtu aliyekwisha kufanikiwa na kupendwa hana kisa mpaka umnyang'anye kitu, na kwenye filamu ya muziki huko kunyang'anywa lazima kusikike ndani ya nyimbo zenyewe. Kikundi kinachotangulia na kamera, kwa imani kwamba nyimbo zitatungwa njiani, hurudi nyumbani na video saba za muziki zisizojuana. Yanayofuata ni ya kikundi cha watu 12 hadi 15 kinachotaka kupiga filamu ya dakika 90 hivi mjini Lamu, mhusika mkuu akiwa mwimbaji wa taarabu.

Mikataba ya zamani

Kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, toa kabatini mikataba ya filamu iliyotangulia. Angalia wahusika ni mali ya nani, maneno ya kila wimbo ni ya nani, muziki ni wa nani, na rekodi yenyewe ni ya nani. Ni vitu vinne mbalimbali na kila kimoja chaweza kuwa na mwenyewe. Mwimbaji kuwa upande wenu hakumaanishi rekodi ya wimbo wake iko upande wenu. Aliyelipia studio huenda ndiye anayeishika.

Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya maneno na ya muziki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wimbo unaoimbwa kila harusi tangu enzi za babu bado waweza kuwa na warithi. Mtunzi akiwa marehemu, sahihi ya mtoto mmoja haitoshi. Muulizie msimamizi wa mirathi. Kibali kiandikwe, na kitaje filamu yenyewe, kionjo chake (kipande kifupi cha kuitangaza), runinga, mitandao na muda. Kionjo ndicho kinachosahauliwa zaidi, na ndicho hutoka mwanzo kikazua ugomvi. Maneno ya "sisi ni watu wa nyumba moja" hudumu mpaka pesa ya kwanza iingie.

Kisa kinachobebwa na nyimbo

Tumwite mwimbaji wetu Zuhura na mchumba wake Athmani, fundi wa majahazi wa Matondoni. Sehemu ya kwanza ilimtoa Zuhura kwenye harusi za mtaani ikamfikisha jukwaa kubwa. Ya pili ianze pale mafanikio yanapodai malipo yake: kampuni ya mjini inamletea mkataba unaochukua jina lake na nyimbo zake, na upande wa mume unataka aimbe mbele ya wanawake tu. Hakuna mbaya hapa. Kampuni ina hoja, wakwe wana hoja, na Zuhura hawezi kuwa kuwili. Kisa cha namna hii kina nguvu kuliko kumleta mwanamke wa tatu mwenye wivu, ambaye watazamaji wamemwona mara nyingi mno.

Nyimbo 6 zinatosha, kila moja dakika 3. Hizo ni dakika 18 kati ya 90, na bado utahisi ni nyingi. Taarabu ukumbini yaweza kupita dakika 10, bashraf (muziki wa ala tupu wa kufungulia) na sifa za watunzaji (wanaomtuza mwimbaji pesa) humo humo. Kwenye filamu punguza mwanzo wa ala ubaki sekunde 15, beti 3, na kiitikio mara 2. Juu ya kila wimbo, ndani ya mswada, andika mistari miwili: Zuhura ana nini kabla ya ubeti wa kwanza, na ana nini baada ya ubeti wa mwisho. Mistari hiyo ikifanana, wimbo huo ni pambo. Utoe, hata kama ndio unaopendwa na mtayarishaji.

Kifaa chenye nguvu kuliko vyote katika sehemu ya pili ni wimbo wa sehemu ya kwanza unaorudi. Tuseme wimbo wa uchumba ulikuwa hivi:

Nimetia nanga kwako, popote ulipo nipo,
Moyo umepata mwako, hauzimwi na upepo,
Ahadi yangu ni yako, si deni wala mkopo.

Mizani ni 8 kwa 8, vina vya kati ni -ko na vya mwisho ni -po. Katika theluthi ya mwisho ya filamu, Zuhura anasimama jukwaani ala zikiwa zile zile, mahadhi yale yale, naye anaimba:

Nimeng'oa nanga kwako, popote ulipo sipo.

Maneno mawili tu yamebadilika, vina na mizani havikuguswa, na bendi nyuma yake haina haja ya kubadili hata pigo moja. Watazamaji walioimba ule wa kwanza watatangulia kuutamka wa zamani mdomoni, kisha wataumia. Ndiyo sababu wimbo unaorudi usiguswe mahadhi: ukibadili maneno na muziki pamoja, hakuna atakayetambua kilichopotea. Mpe kazi hii mshairi anayejua kuhesabu mizani. Mistari iliyotungwa kwa kufuata mdundo wa kibodi peke yake huzidi silabi moja hapa, hupungua pale, na masikio ya watu wa Lamu hayasamehe. Tena mhusika wa Mkomani, mtaa wa Lamu, anayesema "macho" kutoka mwanzo hadi mwisho, asiseme "mato" kama Waamu hata akigombana na mama yake, atachekwa kwao.

Asiyeona sehemu ya kwanza aelewe yote ndani ya dakika 10. Usitumie msimulizi wala mkusanyiko wa picha za zamani. Acha wimbo wa zamani usikike redioni dukani kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, Zuhura akipita kajifunika buibui, na muuza duka aupunguze sauti kwa kuwa mteja analalamika. Kwa sekunde 20 tumejua ni maarufu, tumejua wimbo, na tumejua kuna walioanza kumchoka.

Studio

Rekodi nyimbo zote, zichanganywe kabisa, walau wiki 2 kabla ya siku ya kwanza ya kupiga. Mwigizaji anahitaji muda huo kuzoea pumzi zake mwenyewe: mahali alipovuta pumzi studio ndipo atakapovuta mbele ya kamera, la sivyo kifua kitamsuta kwenye picha ya karibu.

Agiza faili za kHz 48, biti 24, kwa kila wimbo aina nne: mchanganyiko kamili, ala bila sauti ya mtu, sauti ya mtu peke yake, na nakala ya kuchezwa kwenye seti (mahali pa kupigia filamu) yenye mapigo 4 ya kuhesabia mwanzoni. Studio nyingi huzoea kHz 44.1 kwa kuwa hutengeneza muziki wa kusikilizwa. Faili hiyo ikisomwa na mashine kana kwamba ni ya 48, wimbo wa sekunde 180 utakwisha kwenye 165 na Zuhura atakuwa na sauti ya mtoto. Kosa hilo walau hujulikana hapo hapo. Baya zaidi ni kamera moja kuwekwa fremu 24 kamili kwa sekunde na nyingine 23.976: tofauti ni sehemu moja kwa elfu, haionekani mwanzoni, lakini mwisho wa wimbo wa dakika 3 midomo imechelewa fremu 4 na mhariri analaumu mwigizaji. Umeme wa Kenya ni Hz 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde kwenye kamera zote. Taa za ukumbini hazitapepesa.

Wapigaji wa kwenye picha wawe wale wale waliorekodi. Vidole vya mpiga udi haviigizwi, na mji huu uliomtoa Zein l'Abdin una watu wengi wanaojua mkono wa udi ulivyo.

Bahari, jua, adhana na hina

Ratiba ya Lamu haipangwi na mwongozaji. Chukua jedwali la maji kupwa na kujaa, kalenda ya mwezi na nyakati za swala, uziweke mezani pamoja na mswada.

Maji husogea dakika 50 hivi kila siku. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa 10 jioni na hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo hugeuka: jioni ndipo yanapokuwa yametoka. Onyesho la mazungumzo gatini linalopigwa kwa saa 3 litaanza mashua zikielea na kuishia zikiwa zimelala ubavu kwenye tope, na ukutani nyuma ya Athmani alama ya maji itapanda na kushuka kila unapokata. Piga picha zote pana ndani ya saa moja, maji yakiwa yamesimama, kisha zile za karibu zielekeze nyuso upande wa mji, mbali na ukuta wa pwani.

Mji wa Lamu umetazama mashariki, kuelekea Manda. Machweo juu ya maji, ambayo kila mswada wa mapenzi huyataka, hayapatikani gatini. Vuka uende Manda upige ukitazama mji, au panda dari ya nyumba jua lizame nyuma ya minazi. Mwanga mzuri huanza kama saa 11 jioni na hufa upesi. Baada ya jua kuzama una dakika 20 tu za mwanga wa buluu. Vichochoroni ni kinyume: jua huingia mchana kati tu, saa nyingine zote una kivuli laini ambacho hakihitaji taa. Nyumba za matumbawe zenye daka (kibaraza cha mlangoni) na zidaka (vishubaka vya ukutani) hupigika vizuri asubuhi ukiwa na kitambaa cheupe cha mita 2 cha kurudishia mwanga.

Mazungumzo yapangwe katikati ya nyakati za swala. Adhana ikianza, zima spika na msimame; si adabu tu, ni kwamba hutaweza kuhariri maneno yenye adhana nyuma yake, kwani kila utakapokata itaruka. Ramadhani usipige kabisa. Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, mji hufurika wageni na hupati nyumba wala boti. Masika, hasa mwezi wa 5, mvua haina huruma, na kusi la mwezi wa 6 hadi wa 8 huchafua bahari. Kati ya pepo mbili, mwezi wa 10 na 11, upepo hupungua na kipaza sauti hupumua.

Kisha hina. Hina ikioshwa huwa ya rangi ya machungwa, hukolea siku moja au mbili baadaye, kisha hufifia polepole kwa wiki moja hadi mbili. Ukimtia Zuhura hina kwa ajili ya onyesho la harusi siku ya 3 ya kupiga, maonyesho yote ya uchumba yatakayofuata yatakuwa na mikono ya biharusi. Basi panga maonyesho yote ya kabla ya harusi kwanza, hina ipakwe siku 2 kabla ya harusi yenyewe, halafu maonyesho ya baada ya harusi yafuate kwa mpangilio wa hadithi. Hina inayofifia ni saa nzuri sana ya filamu, na haigharimu kitu: ndoa inapoanza kutikisika, mikono nayo inaanza kupauka. Picha za simu za viganja na miguu zipigwe kila asubuhi, pande zote mbili. Maua ya piko huchorwa upya kwa kufuata picha hizo.

Vibali

Leseni ya kupiga filamu huombwa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Ngome ya Lamu, makumbusho na magofu ya Takwa yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, nayo yana utaratibu na ada zake. Kisha nenda kwa wazee wa mtaa, wa Mkomani na wa Langoni mbalimbali, kabla ya kuonekana na kamera. Droni ina kibali chake cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo tu ya maji. Hata ukikipata, fikiri mara mbili. Madarini ndipo wanawake hukaa bila buibui, na droni moja inayopita juu yao itakufungia milango ya mtaa mzima. Picha kutoka juu ya mlingoti wa jahazi hupendeza zaidi.

Siku ya wimbo

Gari haliingii vichochoroni, kwa hiyo vifaa huja kwa boti kutoka Mokowe na humalizia safari kwa mkokoteni au punda. Sanduku lolote lisizidi kilo 20. Kamera iliyolala chumba chenye kiyoyozi iachwe ndani ya begi dakika 30 baada ya kutoka nje. Ukiifungua upesi lenzi huingia ukungu. Kwenye vilima vya mchanga vya Shela usibadilishe lenzi kamwe.

Spika iwe karibu na mwimbaji, upande wa pili wa kamera, si kwa nguvu ya kutikisa mtaa. Mwimbaji aimbe kweli kwa sauti yake. Anayechezesha midomo tu hujulikana papo hapo: shingo imelala, mishipa haionekani, tumbo halipandi. Piga klapa (kibao cha kuoanishia picha na sauti) kila unapoanza hata kama unaanzia ubeti wa 2, na kinasa sauti kiwe kinarekodi seti wakati wote, kwa maana mhariri ataoanisha kwa sauti hiyo.

Ala za kweli hulia hata zinapoigizwa. Weka kipande cha sponji chini ya nyuzi za udi, karibu na daraja. Upinde wa fidla uwe mpya, usiopakwa ulimbo. Utateleza bila kutoa sauti. Dumbak, ngoma ya mkono, ipigwe juu ya kitambaa cha rangi ya ngozi yake.

Mpangilio unaookoa muda: wimbo mzima mara 2 kwa picha pana, mzima mara 2 kwa kiuno kwenda juu, kisha uso kwa beti moja moja. Usoni usizidi mara 4 kwa ubeti. Baada ya hapo sauti imekauka na macho hayana kitu. Ukitaka mwendo wa polepole midomo ikiwa sawa, piga fremu 50 na wimbo uchezwe kwa kasi maradufu, kisha uipunguze nusu. Wimbo rahisi wa mtu mmoja ni kazi ya siku moja. Wenye hadhira ni siku mbili, na sababu ni kutunza.

Kwenye onyesho la kutunza, akina mama huinuka mmoja mmoja wakicheza na noti mkononi. Ukiwaacha wainuke wapendavyo, katika picha pana bibi wa leso nyekundu atatuza ubeti wa 1, katika ya karibu ubeti wa 3, na rundo la noti kwenye mikono ya Zuhura litapungua badala ya kuongezeka. Andika kwenye karatasi: nani, mstari gani, noti gani, anaziweka wapi. Watu 8 wanatosha kuonekana ukumbi umejaa, wakipita mara moja tu kila mmoja. Noti zihesabiwe asubuhi na jioni, mtu mmoja akiwajibika, na kila anapomaliza wimbo zirudi mikononi mwa wenyewe. Usichanganye noti za karatasi za kuigiza na za kweli. Kamera za siku hizi huzitofautisha. Wanawake walioalikwa kuigiza waelezwe mapema kwamba hii ni kamera, si harusi, na kila mmoja akubali kwa maandishi. Harusi ya kweli ya wanawake usithubutu kuiomba kupiga.

Mapenzi bila mikono

Filamu ya mapenzi itakayotazamwa ukumbi mmoja na mama mkwe haihitaji busu. Ina vitu vingine. Chetezo kinachofukizwa udi chini ya kanzu ya Athmani, kisha kanzu hiyo ikining'inia bila mwenyewe. Kikuba cha asumini kilichoachwa kwenye daka. Leso aliyotumiwa Zuhura: piga karibu jina la leso, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, mtazamaji alisome mwenyewe, asisomewe na mtu. Wacha wapenzi wajibizane kwa beti, mmoja dari hii, mwingine dari ile, kichochoro katikati. Umbali huo wa mita 3 una joto kuliko kukumbatiana, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya (KFCB) haitakuwa na la kukata.

Kosa la kawaida hapa ni kuongeza muziki wa huzuni chini ya kila mazungumzo. Filamu yenye nyimbo 6 inahitaji kimya mahali pengine. Rekodi dakika moja ya sauti ya kila mahali, watu wote wakiwa wamesimama kimya: mawimbi, punda, feni. Vyumba vya matumbawe hurudisha mwangwi. Tandika mikeka na uning'inize blanketi 3 nje ya picha.

Baada ya kupiga

Picha za 4K za megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa kwa kila kamera. Nakili kila usiku kwenye diski mbili, zilale nyumba mbili, na moja isafiri boti tofauti. Kadi isifutwe mpaka mtu wa pili afungue faili na kuzitazama.

Mhariri aanze na nyimbo, azimalize zote kwa rasimu, ndipo ajenge mazungumzo katikati yake. Akianza na mazungumzo atayafanya marefu, kisha nyimbo zitaonekana zimechelewesha kisa na mtayarishaji atataka kuzikata. Sauti ya studio isiingie ghafla: sekunde 2 kabla ya wimbo, tia chini yake sauti ya seti, pumzi, kiti kinachosogezwa, na baada ya mstari wa kwanza uiondoe polepole. Bila hivyo Zuhura ataonekana ameingia chumba kingine kila akifungua mdomo.

Kabla ya kuonyeshwa hadharani filamu hupelekwa KFCB ikapewa daraja: GE, PG, 16 au 18. Peleka ikiwa imekamilika, na kionjo peke yake, maana nacho huainishwa. Onyesho la kwanza likiwa la wazi, uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, lianze baada ya Isha, na spika zielekezwe upande wa bahari.